Digidigi na Jitu la Bwawa la Juu

Hapo zamani za kale, wanangu, mto ulipokuwa na ofisi na ofisini alikaa Kiboko, mkuu wa mto, Digidigi aliishi kando ya bwawa la juu. Hakuwa na mume wala ndugu. Majirani zake walikuwa vyura. Kila jioni waliimba, kroo, kroo, naye akapata usingizi.

Kisha Fisi akaanza kuloweka ngozi zake mtoni, maji yakachafuka. Vyura wakahama mmoja mmoja, akabaki kikongwe mmoja tu, Bi Msiti.

Kila asubuhi Digidigi aliyaonja maji, akapeleka habari ofisini bila kutumwa na mtu. Kiboko akamwuliza kama ana kofia ya serikali. Hana. Basi akaambiwa habari za mto huletwa na wenye kofia, na wenye kofia, wanangu, hawakupenda kupanda mlima.

Aliporudi alimkuta Bi Msiti anafunga mzigo.

“Ngozi yangu inawasha, mwanangu. Kesho nahama.”

Digidigi alimwogopa chui, lakini upweke aliuogopa zaidi.

Kulipokucha akatoka mbio, tapu tapu tapu, hadi ofisini.

“Shikamoo, Mzee. Leo sikuleta habari za maji. Bwawani kwetu kuna jitu lenye mdomo mpana kama wako. Linasema mkuu wa mto ni lenyewe.”

“Liko wapi?”

“Ukichungulia majini utaliona.”

Kiboko akapanda mlima akihema, hu, hu, kofia imemkaa upande. Akainama. Akatazama weee.

“Mbona silioni?”

“Zamani, Mzee, kila aliyechungulia hapa alijiona mwenyewe.”

Kiboko akatazama tena. Maji yalikuwa meusi tii, na uvundo ulimjaa puani. Akajua amechezewa, akajua na sababu. Akamwona Bi Msiti amekaa juu ya mzigo wake, akaona haya.

Siku hiyohiyo alimfukuza Fisi na ngozi zake. Kisha akavua kofia, akamvika Digidigi. Ikamfunika mpaka shingoni.

“Kubwa mno, Mzee.”

“Basi njoo bila kofia. Nitakusikiliza.”

Bi Msiti alifungua mzigo wake. Wale wengine hawajarudi hadi leo. Jioni ile ilisikika sauti moja tu, kroo, na Digidigi akalala nayo.

Nanyi, wanangu, mkipewa mto muutunze, msikilizeni kwanza anayeishi kando yake.