Mgeni wa Sikukuu ya Obrad

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi bali ya juzijuzi tu, vita vikiwaka Ulaya, palikuwa na serikali shujaa kwelikweli. Ilikuwa na mizinga, ilikuwa na ndege, na iliogopa vidole vitatu. Ndiyo, vidole! Wanakijiji wa Kiserbia walipiga ishara ya msalaba kwa vidole vitatu, si kwa kiganja kizima kama watawala wao, na kwa kosa hilo kijiji kizima kikaswagwa hadi kambini, kikazungushiwa seng'enge.

Watu hao wana mila yao. Kila nyumba ina mtakatifu wake, na sikukuu yake ikifika haalikwi mtu: anayeingia ndiye mgeni, na lazima ale. Mwenye nyumba haketi kutwa. Huwakirimu wageni akiwa wima.

Siku ya mzee Obrad ikawakuta kambini. Mkwewe Stamena alikuwa amejinyima, akibana vipande vya mgawo wake hata akapata kimkate cha kiganja. Jirani yao Mitar aliiba mshumaa wa kuwashia sikukuu hiyo kwenye banda la walinzi. Wakampiga mpaka mbavu zikavunjika, asiseme kauficha wapi. Na Obrad, miguu imemvimba, akasimama.

Nani akaingia? Kamanda, tumbo mbele.

"Keti, mzee!"

"Leo siketi, bwana. Karibu mkate."

Kamanda akacheka, kisha akala. Aliumaliza wote, shujaa wetu yule, mkate wa pumba wa watu wenye njaa! Akapangusa masharubu.

"Nisije nikaitwa mgeni asiye na adabu. Kesho malori yanawachukua, na mnajua hayamrudishi mtu. Mmoja wenu namfungulia lango sasa hivi. Anayestahili tu. Haya, semeni!"

Stamena akasema, "Ulichokula ni njaa yangu. Na binti yangu Rosa mmemchukua, mnamfundisha jina jingine. Nisipotoka, nani atamwita kwa jina lake?"

Mitar akasema, "Bila mshumaa hakuna sikukuu, na bila sikukuu hakuna mgeni. Mbavu zangu ndizo zilizomleta. Tena mimi bado kijana, sijaoa, sijaishi."

Obrad akasema, "Ningeketi alipofoka, hapa pangekuwa na mfungwa na bwana wake. Nilisimama, akawa mgeni. Lango ni langu, na changu nampa nimtakaye. Ila kila nikimtazama Stamena, namwona na Mitar."

Kamanda akadakia, "Na mimi je? Kwani unga si wa serikali?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumjua mgeni huyu, Mungu aliwaepusha naye.

Haya, nyinyi mlioketi, nani alistahili lango? Semeni, lakini msikurupuke. Kamanda naye ameketi pale, anachokonoa meno, anangoja jibu hilohilo. Mkishamtaja mmoja, je, mtakuwa mmemfanyia nani kazi?