Risasi ya Pili

Tik.

Sauti moja tu, kavu na ndogo, ilitoka katika bweni la wasichana usiku ule. Mkufunzi Mbwilo, aliyekuwa akipita na tochi yake, akasimama. Aliitambua: kifyatulio cha bunduki ya mazoezi, ile isiyo na risasi.

"Huyo ni Nyamizi tu," akajisemea. "Nani mwingine atakesha na chuma?"

Akaenda zake kulala, lakini moyoni alimstahi.

Kambi ile ilifundisha askari wa wanyamapori, na Mbwilo ndiye aliyewafundisha shabaha. Mtihani wake ulijulikana hata na waliokwisha kuhitimu zamani. Ubao uliochorwa kichwa cha nyati ulifungwa juu ya kigari, ukavutwa kwa kamba kumwelekea mpigaji, mbio kama nyati aliyeudhika. Kabla haujagusa mstari wa chokaa, kuruta alipaswa kuupiga mara mbili.

"Ya kwanza inamwambia nyati ulipo," Mbwilo alipenda kusema. "Ya pili ndiyo inayokurudisha kwa mama yako."

Nyamizi alilijua hilo kuliko wote. Nyumbani kwao ni kando ya mto, na mwaka uliopita nyati alimkuta mama yake akichota maji, akamvunja nyonga. Kituo cha askari cha mtoni kilikuwa kikihitaji mtu mmoja, naye aliitaka nafasi hiyo. Ingemwendea mpigaji bora wa mtihani.

Lakini risasi yake ya pili ilikuwa balaa. Ya kwanza ilitua katikati ya paji la uso. Ya pili ilichimba udongo.

"Hiyo umempiga nani, binti?" Mbwilo aliuliza. "Mchwa?"

"Afande, mchwa naye ni mharibifu," akadakia Lusajo, kijana mrefu mwenye shabaha kali kupita wote. Makuruta wakaangua kicheko. Nyamizi naye akacheka, kisha akageuka upande akajifuta macho.

Kosa lenyewe lilikuwa limejificha ndani ya jambo jema. Tangu wiki ya kwanza Mbwilo aliwaimbisha makuruta: ukimaliza kupiga, kidole nje! Ni kanuni ya usalama, na miguu mingi ilisalimika kwa ajili yake. Nyamizi aliishika ikamwingia mwilini. Hata katikati ya risasi mbili, kidole chake kiliruka nje kama kimegusa kaa la moto, kisha kikarudi kwa pupa na kukizaba kifyatulio kofi. Bunduki ikayumba, risasi ikaenda inakotaka.

Mbwilo hakuliona hilo. Aliona woga.

"Haraka, Nyamizi! Haraka!"

Na kadiri alivyoharakishwa, ndivyo mchwa walivyozidi kupata tabu.

Kisha asubuhi moja, wiki chache kabla ya mtihani, mambo yakageuka. Kigari kilivutwa. Bunduki ya Nyamizi ikalia, ikalia tena, milio miwili iliyofuatana kwa utulivu kama mtu anayebisha hodi. Mbwilo akaufuata ubao. Matundu mawili, na kiganja kimoja kingeyafunika yote.

Akarudi polepole.

"Umefanyaje?"

"Nimeacha kukikimbia kifyatulio, Afande. Nikishapiga, nakishikilia hukohuko nyuma. Bunduki inanipiga teke, nami natulia. Ncha ikirudi kwenye shabaha, nakiachia kidogo, kidogo tu, mpaka kiseme tik. Hapo nasimama. Kidole hakijatoka, na risasi nyingine iko tayari. Nabonyeza tena, taratibu, nyuma moja kwa moja. Nikimaliza zote mbili, ndipo kidole nje."

"Taratibu? Mimi nakwambia haraka, wewe unakwenda taratibu?"

"Aliyenifundisha alisema mwendo mfupi ndio wa haraka, Afande."

Mbwilo akahisi kitu kikimchoma kifuani. Miaka yote ile, na hakuna kuruta aliyewahi kumwonyesha jambo.

"Nani kakufundisha?"

"Niliahidi kutomtaja, Afande."

Kila mtu alijua kwamba kuruta kumfundisha mwenzake silaha bila ruhusa ni kosa la kurudishwa nyumbani. Mbwilo aliuliza tena jioni ile. Akauliza kesho yake, na wiki iliyofuata. Aliuliza kwa ukali, akauliza kwa utani, akamwuliza hata kwenye foleni ya ugali.

"Niliahidi, Afande," ndilo jibu alilopata, na sahani ya ugali ikanyooshwa mbele.

Siku ya mtihani, Lusajo alitangulia. Ya kwanza, paji la uso. Ya pili ikagusa shina la pembe. Alama nzuri mno. Makuruta wakapiga makofi, wakajua nafasi ya mtoni imekwisha kupata mwenyewe.

Akafuata Nyamizi. Mbwilo alisimama karibu, macho yake kwenye kidole kile. Bunduki ikalia. Kidole hakikuruka. Kilibaki, kikalegea unywele mmoja, kikatulia, kikabonyeza. Uzuri ulioje! Risasi ya pili ilitua ubavuni mwa ya kwanza, na kigari kikafika kwenye chokaa kikiwa kimekwisha kufa, kama ubao unaweza kufa.

Lusajo ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akamshika mkono akautikisa kwa nguvu. "Dada, leo mchwa wamepumzika!"

Mbwilo akaamuru watulie.

"Nafasi ya mtoni ni ya Nyamizi," akasema. "Ila kwa sharti. Amtaje mwalimu wake hapa, mbele ya wote. Asipomtaja, nafasi inakwenda kwa Lusajo."

Nyamizi alimfikiria mama yake, anayetembea sasa kwa fimbo mbili. Kisha akavua kofia yake, akaiweka chini mbele ya mkufunzi.

"Basi apewe Lusajo, Afande. Mimi siwezi kumfukuzisha mtu aliyenisaidia."

Mbwilo akainama, akaiokota kofia, akaikung'uta vumbi, akamvisha kwa mikono yake.

"Nafasi ni yako, mwanangu. Nilitaka kujua ahadi yako ina uzito gani." Sauti yake ikashuka. "Sasa nisikilize. Mwezi ujao nastaafu, na uwanja huu hauna wa kuurithi. Wapiga shabaha ninao. Lakini mtu aliyeliona kosa nililolipanda mimi mwenyewe, akaling'oa bila kunitangaza, huyo sijawahi kumpata. Simtafuti nimfukuze. Namtafuta nimkabidhi filimbi yangu. Kosa la kufundishana nimelisamehe, na hawa wote ni mashahidi."

Akaivua filimbi shingoni, akainyoosha.

"Nani, Nyamizi?"

Nyamizi hakumtazama mkufunzi. Alimgeukia yule ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa ameikosa nafasi ya mtoni kwa sababu yake, aliyekuwa sasa akitikisa kichwa kumsihi anyamaze.

"Nisamehe kaka, nimekuficha vya kutosha," akasema. "Ni Lusajo."

Funzo: Anayemfundisha mwenzake bila kinyongo, hata akijua kwamba mwenzake huyo anaweza kumpita, huenda akapoteza nafasi aliyoitamani, lakini watu wa namna hiyo ndio wanaostahili kukabidhiwa wengine.