Nyumba ya Mize

Sogeeni, watoto, ngano imebisha hodi.

Mvua ilibomoa kibanda cha mjane Mize. Zimwi likatokea, likamwambia, "Omba vitu vitatu vya nyumba. Cha nne sikupi."

"Kuta zisizoanguka." Zikainuka, zikawazunguka wanawe wawili waliolala.

"Paa lisilovuja." Likafunika.

"Sakafu kavu." Ikawa.

"Na mlango je?"

"Vitatu vimekwisha," likasema zimwi, likaenda zake.

Mize akaupiga ukuta kwa jembe, akaupiga kwa shoka, akaukwangua kwa kucha. Kila tundu lilijiziba.

"Mama, tufungulie! Kuna giza!"

"Nakuja, wanangu."

Sauti zao zikafifia, zikakoma. Mize aliendelea kukwangua, akisema, "Nakuja."

Hapo ndipo ngano ilipoketi, ikanyamaza.