Mvua ya Paka na Mbwa

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeni, Sultani Bwanaheri aliletewa kitabu cha misemo ya Kiingereza. Mkalimani wake, Mwinyi Shamte, akakifasiri neno kwa neno, na Sultani akakipenda hata ikawa hasemi jambo barazani pasipo kutia msemo wa kitabuni.

Basi siku moja akasema, "Waingereza hunena: kunanyesha paka na mbwa."

"Naam!" wakaitikia mawaziri. "Hekima hiyo!"

Hakuna aliyeelewa, wala hakuna aliyeuliza. Kwani kwa desturi ya mji ule fumbo hufumbiwa mjinga, na aulizaye maana amejitangaza.

Alikuwapo mchota maji aitwaye Pandu, ambaye watu walimwita juha tangu utotoni, naye hakuwa na sifa ya kupoteza. Akatua mtungi, akauliza, "Bwana wangu, maana yake nini?"

Baraza likacheka. Sultani hakucheka, kwani hata yeye hakuijua.

"Umenivunjia heshima," akasema. "Nakupa siku saba. Inyeshe mvua hiyo hapa uani, niione. Ukishindwa, nyumba yako naitwaa, nawe na mkeo mtoke mjini."

"Sikio halipiti kichwa, Bwana wangu. Ila mvua hutoka juu. Naomba ruhusa ya kupanda darini kwako."

"Ruhusa unayo."

Mke wa Pandu, Bi Mize, alipopata habari akashika kichwa. "Ungenyamaza kama wenzio, ungekufa?"

"Wenzangu wana vyeo, mke wangu. Nitafutie matenga."

Siku ya saba ilipofika, watu wakajaa uani, Sultani akaketi kitini chini ya ukingo wa dari. Pandu, akiwa juu darini, akapindua tenga la kwanza. Paka kumi na wanne wakashukia kilemba cha Sultani na kanzu za mawaziri. Kisha akateremsha watoto wawili wa mbwa kwa kamba, taratibu, akisema, "Hii ni rasharasha."

"Naam!" wakalia mawaziri, damu ikiwatoka mashavuni. "Ndiyo yenyewe!"

"Zuia mvua!" akapiga kelele Sultani, paka akiwa angali kilembani. Akamgeukia mkalimani. "Shamte, Waingereza huishije? Maana ya msemo huu ni nini?"

Mawaziri wakatazamana. Sultani ameuliza.

Shamte akainamisha kichwa. "Bwana wangu, kitabuni mna maneno. Maana sikuiona."

Basi akaitwa baharia wa Kiingereza aliyekuwa bandarini, ajuaye Kiswahili. Akasikiliza, akatazama wale paka, akasema kuwa kwao husema hivyo mvua inaponyesha kwa nguvu. Hakuna zaidi.

"Ningejibiwa hivyo siku ile," akasema Pandu toka darini, "ningekuletea mwavuli."

Sultani akajipapasa mikwaruzo, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akahukumu kwamba Pandu abaki na nyumba yake, tena aketi barazani kuumeni kwake, kazi yake iwe kuuliza. Naye Shamte awalishe paka wote kumi na wanne, na mbwa wawili, mpaka atakapojifunza Kiingereza.

"Mwaonaje?" akawauliza mawaziri.

"Naam!" wakaitikia kwa pamoja.

Pandu akashuka, akaketi mahali pake papya, akaanza kazi.

"Naam ya nini?" akauliza.