Shamba la Hatua Sitini

Mbuzi wa Bi Mize alikula mihogo ya jirani yake, Bwana Faki, tajiri asiyeshiba ardhi. Faki akadai fidia: kipande cha pembetatu katika shamba la pekee la Bi Mize.

"Upande mmoja hatua thelathini, wa pili thelathini, wa tatu arubaini," akamwambia sheha, mkuu wa mtaa aliyeamua kesi yao.

Bi Mize akashika kiuno. "Arubaini tu? Watu watasema nimekupunja. Chukua hamsini!"

Faki akalamba midomo. "Hamsini na tano."

"Sitini, wala usinishukuru! Ila madai yaishe hapahapa."

"Yamekwisha!" akasema Faki upesi, asije bibi akabadili nia. Sheha akaandika, wote wawili wakatia dole gumba.

Asubuhi Faki akaja na jembe jipya na kamba tatu. Ya sitini akaifunga kwenye vigingi viwili. Za thelathini akafunga moja huku, nyingine kule, kisha akazivuta ncha zikutane. Zilikutana juu ya ile ya sitini. Akakaza, akatokwa jasho. Kati ya kamba hakupenya hata sisimizi.

"Lima, Bwana Faki," akasema Bi Mize. "Lakini jembe lisivuke kamba."