Kona za Rasi Makucha

Hapo kale, na Mola ndiye ajuaye zaidi, mji wa Tumbawe ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Nuumani, mwenye hazina isiyopungua na subira isiyotosha hata kungoja kahawa ipoe. Kusini mwa mji Rasi Makucha ilijitokeza baharini, majabali matupu yenye ncha, ambako jua la asubuhi lilichoma nyayo, na ifikapo adhuhuri ukungu ulipanda kutoka mawimbini ukafunika kila kitu, na upepo wa chumvi ukawayumbisha hata wenye miili mikubwa. Njia ya huko ilijaa kona, na kila kona ilikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na wapitaji waliugusa wakisema, "Ahsante, mwenyewe," bila kujua wanamshukuru nani.

Sultani alitamani kasri kwenye ncha ya rasi, akamwita Mselemu, mwashi aliyesifika kwa kamba na timazi za kupimia unyoofu, akamwamuru ainyooshe njia ili farasi wapite mbio. Naye Mselemu, maskini wa watu, alikuwa hapati usingizi akiona kitu kimepinda, na badala ya kuuliza kona ziliwekwa kwa nini, akavuta kamba yake akazibomoa zote. Mawe mengi Sultani akamtunuku Mselemu, naye akajijengea nyumba ya ghorofa, na yaliyobaki yakaingia katika msingi wa kasri.

Siku njia ilipofunguliwa, Mwanasiti, mkewe Mselemu, alimpelekea mumewe chakula huko rasini kama ilivyokuwa desturi yake, na ukungu ukamkuta katikati, na hakufika. Kilichopatikana ni kawa la kufunikia sinia.

Mselemu alilia hadi sauti ikamkauka. Kila adhuhuri aliingia ukunguni akimwita, na kila jioni alirudi peke yake katika nyumba ile kubwa, akaiona kama kaburi alilojichimbia mwenyewe. Hata siku moja ukungu ukasimama mbele yake, ukawa jini mrefu asiye na mikono.

"Ewe mwana wa Adamu," jini akasema, "wachamungu wa kale walinifunga niwatumikie wapitao hapa. Kila kona ilikuwa mkono wangu, na kwa mikono hiyo niliwadaka walioteleza. Mkeo aliteleza, nami sikuwa na cha kumdakia. Yuko chini ya jabali, si hai, si maiti. Nirudishie mikono yangu, nimpandishe."

Mselemu akaibomoa nyumba yake, dari na kuta na chumba cha kulala, na akaijenga njia upya, na kila kona iliposimama aliisikia sauti ya Mwanasiti ikipanda karibu zaidi. Ikabaki kona moja, ya juu kabisa, na mawe yake yalikuwa chini ya kasri. Akaenda kupiga magoti, na Sultani akamjibu kwamba msingi wa mfalme haufumuliwi kwa ajili ya mke wa mwashi. Akajaribu mawe mengine, yote yakaporomoka baharini.

"Basi hakuna jiwe jingine?" akamuuliza jini.

"Lipo moja, nalo ni wewe uliyezivunja kona. Lakini jiwe halirudi nyumbani."

Mselemu akapanda hadi mahali pa kona ya juu. Aliitupa kamba yake na timazi yake baharini, akasimama ukingoni, akanyoosha mikono.

Mwanasiti akapanda kutoka ukunguni, na mguu wake ukateleza kwenye kona ya mwisho, na jiwe likampokea. Lilikuwa na joto. Akaligusa, akasema, "Ahsante, mwenyewe," kisha akashuka mbio kwenda kumtafuta mumewe, akakuta kiwanja kitupu. Jini ndiye aliyemweleza.

Wakuu walimposa na kumwahidi mali, akawakataa wote. Farasi hawakuziweza zile kona, na kasri likabaki makao ya kunguru. Na yeyote anayetaka kunyoosha kilichopinda, aulize kwanza kilipindishiwa nini. Mwanasiti yeye aliendelea kupika, na kila siku, kabla ya ukungu kupanda, alipeleka sinia la chakula kwenye kona ya juu, akalifunua kawa, akakaa.