Somo wa Mtoto wa Riziki

Tii! Tii! Tii! Usiku wa manane mashine ya kusafisha damu ililia. Riziki alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, figo zikagoma, na kila mlio wa mashine aliusikia kama kilio cha kichanga wake ambaye hajamtia machoni. Akapeleka mkono shingoni ang'oe mpira uliomwunganisha na mashine, akamnyonyeshe. Nesi akaudaka mkono.

Wanawake watatu walimrudisha Riziki kwa mwanawe.

Daktari Tumsifu kajaliwa mikono. Maji yalipomjaa Riziki hadi mapafuni, yeye ndiye aliyeupata mshipa mkubwa wa shingo, akautia mpira wa muda. "Bila njia hii, mashine ni sanduku tu," alisema.

Nesi Kibibi kajaliwa masikio. Mashine ikilia tu, anajua mpira umejikunja. Atamgeuza mgonjwa kichwa kidogo, hivi, na damu itapita. Kidonda alikilinda kama mboni ya jicho. "Hata mumeo hagusi hapa, mama!"

Wifi yake Riziki, Mwanahawa, kajaliwa ziwa. Ana kichanga wake mwenyewe, akamchukua na wa Riziki, akanyonyesha wote wawili. Aliposikia Riziki anavuta mpira, alikuja asubuhi na kanga aliyolalia mtoto wa Riziki, haijafuliwa.

"Uchafu huo mbali na shingo!" nesi akafoka.

"Basi mshikishe mikononi, dada."

Riziki akaikumbata kwa mikono miwili, akanusa maziwa, akalia wee, na tangu hapo mikono haikupata nafasi ya kung'oa kitu.

Figo zikaamka. Watu hushangilia dhahabu, wao walishangilia mkojo! Mpira ukatolewa, Riziki akaenda nyumbani.

Kesho ni arobaini, mtoto atapewa jina, na kwao mtoto ana somo mmoja tu, yule ambaye mtoto huitwa jina lake, naye humlea kama wake.

"Haya, wifi, mwite Tumsifu," Mwanahawa anamtania, "lakini mashavu hayo ni ya ziwa langu!" Anacheka mdomo, macho hayacheki.

Kule kitandani Riziki alimlilia mwanawe bila jina la kumwitia. Leo mtoto yumo kifuani pake, anapumua, na bado hana la kumwitia.

Je, wewe msikilizaji, ungempa jina la nani? Ninong'oneze. Nitamfikishia Riziki, na zaidi yake, wallahi, simwambii mtu.